Njia ya Faili: Kwa Nini Keneli Ndiyo Ikague

Njia ya faili ni maelekezo ya kulifikia faili, ngazi kwa ngazi. Ukiandika /Pwani/Bagamoyo/Zinga umeanza na mkoa, ukaingia wilayani, ukafika kwenye kata. Nukta mbili (..) maana yake ni "panda ngazi moja". Hivyo /Pwani/Bagamoyo/Zinga/../Kaole inakufikisha Kaole, na ukiandika ../../.. ukiwa Zinga umeshatoka mkoani. Hakuna kinachokuzuia kuingia Bunju, Dar es Salaam.

Sasa chukua kompyuta ya shule yenye programu ya kusomea notisi. Programu inatakiwa kusoma folda ya /shule/notisi tu. Mwanafunzi anaomba ../mitihani/majibu.txt. Programu inaunganisha maneno, inapata /shule/notisi/../mitihani/majibu.txt, na keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inalifungua. Usijibu kwamba ruhusa za faili zingezuia. Keneli inaangalia ruhusa za programu, si za mwanafunzi aliyeituma.

Je, programu ikikagua kwamba njia inaanza na /shule/notisi? Haisaidii: njia ile inaanza hivyo hivyo. Ikifuta kila ../ inayoiona? Mjanja ataandika ....// na baada ya kufuta itabaki ../ ile ile. (Ifanye kwenye karatasi, utaona.)

Hata bila nukta, kuna kiungo: faili dogo ambalo kazi yake ni kuelekeza kwingine. Kiungo kinachoitwa leo.txt ndani ya notisi kinaweza kuelekeza kwenye majibu. Programu ikikagua kwanza kisha ikafungua, mtu anaweza kubadilisha faili la kweli kuwa kiungo katikati ya hatua hizo mbili. Ni kama mlinzi anayekagua mzigo getini, halafu mzigo unabadilishwa kabla haujaingia ghalani.

Ndiyo maana ukaguzi ufanywe na keneli yenyewe, kwani ndiyo inayotembea njia hiyo hatua kwa hatua. Linux toleo la 5.6, la mwaka 2020, iliongeza wito wa mfumo uitwao openat2. Programu hufungua kwanza folda ya notisi, kisha humwomba keneli afungue faili kuanzia hapo kwa sharti la RESOLVE_BENEATH: hatua yoyote ikitoka nje ya folda, iwe kwa nukta mbili au kwa kiungo, ombi zima linakataliwa. Sharti la RESOLVE_NO_SYMLINKS ni kali zaidi, linakataa viungo vyote. Kukagua na kufungua vinakuwa tendo moja, na ule mwanya wa katikati haupo tena.

Swali. Programu imewekewa folda ya /shule/notisi.
(a) Andika njia kamili itakayopatikana kwa ombi la fizikia/../../ada.txt. (Alama 2)
(b) Eleza kwa nini kukagua maandishi ya njia pekee hakutoshi. (Alama 4)