Tumeshinda, Wamefungwa: Somo la Viambishi vya Nafsi

Mlezi wa chama aliniomba niandike somo la sarufi. Najua wengi wenu mkisikia "sarufi" mnaanza kusinzia, basi leo nitafundisha kwa kandanda.

Katika wingi, nafsi ya kwanza huchukua tu-, ya pili m-, na ya tatu wa-. Hilo hata mtoto wa darasa la nne analijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kutumia ni kingine.

Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, Harambee Stars waliichapa Moroko 1-0 pale Kasarani na kumaliza mechi wakiwa wachezaji kumi. Moroko hiyo hiyo ndiyo iliyolitwaa kombe baadaye. Usiku huo mtaani kwetu kila mtu aligeuka mchezaji. "Tumewafunga! Tumewaweza!" Hata mimi, ambaye sijawahi kupiga penalti ikaingia, nilisema "tumefunga".

Kisha ikaja tarehe 18 Novemba 2025. Katika mechi ya kirafiki mjini Antalya, Uturuki, Senegali walitutandika 8-0. Manane, ndugu zangu! Nilikuwa kwa babu likizoni. Nilipoona matokeo kwenye simu ya mjomba nikapaza sauti, "Babu, wamefungwa manane! Wametuaibisha!"

Babu akauliza, "Akina nani wamefungwa?"

"Si hao Harambee Stars."

"Na Agosti walishinda akina nani?"

Nikawa kimya kama maji ya mtungi.

Hebu tulichanganue neno langu, "wametuaibisha". Wa- ni watenda, -me- ni hali timilifu, -tu- ni watendwa, -aibish- ni shina, na -a ni kiishio. Umeona? Timu nimeiweka mwanzo, mimi na wenzangu tukakaa katikati kama watu waliokosewa. Miezi mitatu tu nyuma tulikuwa kiambishi kimoja!

Wengine ni wajanja zaidi. Husema, "Timu imefungwa." Kisarufi ni sawa kabisa, maana timu iko katika ngeli ya I-ZI. Lakini hapo msemaji amejificha nyuma ya ngeli, haonekani yuko upande gani.

Babu akanisimulia jambo ambalo sikulijua. "Tarehe 12 Desemba 1965, sikukuu ya Jamhuri, hapa hapa Nairobi, tulifungwa na Ghana 13-2. Ghana walikuwa wametoka kutwaa Kombe la Afrika kule Tunis mwezi uliotangulia. Tulifungwa, bwana, tukafungwa tena! Lakini na sisi tulifunga mawili."

Mabao kumi na matatu yalinishtua, lakini kilichonishtua zaidi ni ile tu-. Miaka sitini imepita na mzee hajaibadilisha. Akaendelea, "Mwaka 1972 tukaenda Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, kule Kameruni. Mwaka 1987 tukafika fainali ya Michezo ya Afrika, Kasarani, Misri wakatufunga 1-0." Kwa babu, nafsi ni ile ile, jua liwake au mvua inyeshe.

Huenda ukauliza, je, shabiki mwaminifu hana ruhusa ya kulalamika? Anayo. Sema, "Tulicheza ovyo, ulinzi wetu ulivuja." Hiyo tu- na hiyo -etu hazizuii lawama. Mwenye nyumba ndiye anayejua paa linavuja wapi, na ndiye atakayepanda kuliziba. Mpita njia hucheka tu akaenda zake. Wahenga walisema: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

ZOEZI

1. Andika upya ukitumia nafsi ya kwanza wingi: "Walifungwa na Madagaska kwa penalti katika robo fainali ya CHAN."

2. Changanua: "wamewaangusha", kisha utaje nani ni mtenda na nani ni mtendwa.

3. Kumbuka mechi ya mwisho ambayo timu ya shule yetu ilishindwa. Ulipokuwa ukirudi darasani, ulisema "tumefungwa", "wamefungwa" au "imefungwa"? Jibu hili usimwonyeshe mwalimu. Jisahihishe mwenyewe.

Mimi nimeshajisahihisha. Mwezi Novemba, mjini Antalya, tulifungwa manane.