KUPAKA NDEGE YA MFANO RANGI ISIYONG'AA

Waliofika kwenye maonyesho yetu ya kazi za mikono muhula uliopita waliiona ndege yangu ya mfano, Spitfire. Iling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Wengi waliisifu, lakini mimi niliona haya, kwa maana kopo la rangi lilisema kwamba rangi ile haing'ai. Nilikwenda nikamlaumu mwenye duka kuwa ameniuzia rangi mbovu. Kumbe rangi ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa langu. Nataka kuwaeleza wenzangu kosa hilo, wasije wakapoteza fedha za wazee wao kama mimi.

Kwa nini tusitake ing'ae? Ndege za kivita za Uingereza za mwaka 1940 zilipakwa juu rangi ya kijani na ya udongo, zisizong'aa, ili zisimetemete juani adui akaziona. Tena, Spitfire ya kweli ilikuwa na mita 11.23 toka ncha ya bawa hata ncha ya bawa la pili. Katika kipimo cha 1/72 hizo ni sentimita 15.6 tu. Kitu kidogo hivyo kiking'aa, jicho hukiona mara moja kuwa ni mchezo wa mtoto.

Basi, rangi huachaje kung'aa? Katika fizikia twajifunza kwamba uso laini hurudisha nuru upande mmoja, kama kioo, na uso wenye vinundu huitawanya. Kwa hiyo watengenezaji hutia katika rangi ya enameli unga laini sana, kama wa silika. Rangi ikikauka, chembe zake hufanya vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Lakini kopo likikaa, unga huzama na mafuta huja juu. Ni kama togwa: asiyeikoroga hunywa maji matupu. Mimi nilichovya brashi juu juu, nikapaka mafuta matupu.

Fuata hatua hizi:

1. Osha vipande vya plastiki kwa sabuni na maji vuguvugu ili kuondoa mafuta ya kiwandani. Vikauke kabisa, kisha usivishike ovyo kwa vidole.

2. Koroga rangi kwa kijiti bapa muda wa dakika 5 au zaidi, ukikwangua chini na pembeni mwa kopo. Kutikisa tu hakutoshi. Kijiti kikitoka na tope zito nchani, endelea.

3. Jaribu kwanza juu ya kipande kibovu, ungoje kikauke. Kiking'aa, koroga tena.

4. Ongeza tapentaini kidogo, upake rangi nyembamba mara mbili. Rangi nene huacha alama za brashi. Ngoja saa 24 kabla ya kupaka mara ya pili, na ufunike ndege kwa boksi vumbi lisiiingie. Kila ukirudi kwenye kopo, koroga.

5. Nembo za kubandika kwa maji hazishiki vizuri juu ya uso wenye vinundu. Hewa hubaki chini yake, zikaonekana nyeupe. Paka kwanza vanishi ya kung'aa, ubandike nembo, kisha umalizie kwa vanishi isiyong'aa. Nayo ikorogwe vile vile, ipakwe nyembamba, wala si siku ya mvua, isije ikaacha ukungu mweupe.

Fungua madirisha unapopaka, ukae mbali na jiko na taa ya moto, kwani tapentaini hushika moto upesi na mvuke wake huumiza kichwa.

Ndege yangu nimeisugua kidogo kwa msasa laini, nikaipaka upya kwa rangi ya kopo lile lile. Sasa haing'ai hata kidogo. Na mwenye duka nimekwisha kwenda kumwomba radhi.

Mwanafunzi, Kidato cha III