Kuigiza Kazi ya Mashine Kabla ya Kukata Chuma

Mashine nyingi za kukereza na kuchonga chuma huongozwa na kompyuta. Chimbuko lake ni mashine ya kuchonga iliyoonyeshwa mwaka 1952 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, ambayo amri zake zilitobolewa katika utepe wa karatasi. Siku hizi amri huandikwa katika kompyuta, na kabla chuma hakijaguswa, fundi huweza kuzijaribu katika mashine ya kuigiza inayoonekana kiooni tu. Humo kisu kikigonga jiliwa, hakuna kinachovunjika.

Kiini cha jambo hili chaweza kufundishwa katika shule ya msingi pasipo kompyuta wala umeme.

Matayarisho: Kila wanafunzi wawili wapewe karatasi ya miraba na penseli. Waandike namba 0 hadi 10 kwa mlalo na kwa wima. Katika kila amri, namba ya kwanza ni ya mlalo, ya pili ni ya wima.

Hatua: Mwanafunzi mmoja awe Fundi, mwenziwe awe Mashine. Fundi asome amri moja moja, na Mashine azitende kama zilivyo, bila kuuliza: inua penseli, nenda 2, 2, shusha penseli, nenda 6, 2, nenda 6, 6, nenda 2, 6, nenda 2, 2. Mraba utakamilika. Sasa Fundi atunge amri za kuchora pembetatu ndani yake, kuanzia 3, 3. Akisahau kuinua penseli kwanza, mstari usiotakiwa utatoka 2, 2 hadi 3, 3. Katika chuma, mstari huo ungekuwa mfuo usiofutika.

Tahadhari: Mara nyingi Mashine atataka kumsaidia mwenziwe kwa kuinua penseli asipoamriwa. Mwalimu asikubali, kwani mashine haikisii nia ya mtu. Kosa liachwe lionekane, kisha litafutwe katika amri zilizoandikwa. Hapo ndipo mtoto ajifunzapo kusema hasa alichokusudia.

Tamati: Wanafunzi waulizwe ni mambo gani ambayo karatasi haikuyaonyesha. Waongozwe kutaja kisu kilicho butu, au chuma kilicholegea katika jiliwa. Maigizo hufichua kosa la amri. Hali ya kisu na chuma yahitaji bado jicho la fundi.