Damu ya Mama Mzazi

Mama anapojifungua salama, nyumba nzima hufurahi. Siku chache zikipita, majirani humwona amesimama, nao husema, "Amekwisha kupona." Ndipo hurudishiwa ndoo, kuni na jembe. Twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu mambo yanayotendeka ndani ya mwili wake wakati huo.

Damu ina maji na chembe. Mtu akitokwa na damu nyingi, maji yake hurudi kwa siku moja au mbili. Lakini chembe nyekundu, zichukuazo oksijeni kutoka mapafuni na kuieneza mwilini kote, hukawia majuma kadhaa. Kwa hiyo mama aweza kuonekana mzima, kumbe akipanda mlima hutweta na moyo humwenda mbio.

Chembe hizo huundwa katika uboho ulio ndani ya mifupa, na kwa mtu mzima hasa katika kidari, mbavu, uti wa mgongo na nyonga. Oksijeni ikipungua, figo hutoa kichocheo kinachouamuru uboho uongeze kazi. Mwili wenye afya huunda chembe zipatazo milioni 2 kila sekunde. Kila chembe huishi siku 120 hivi. Kisha bandama na ini huivunja, na madini yake ya chuma hutumiwa tena. Ndivyo Muumba alivyopanga: hata kilichochakaa hakipotei bure.

Lakini mwashi hajengi pasipo mawe. Uboho wahitaji chuma, ambacho hupatikana katika maini, nyama, dagaa, maharagwe na mboga za majani. Chungwa au limau husaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia. Tena malaria huziharibu chembe, na minyoo ya safura huinyonya damu.

Basi, enyi akina baba, neno letu ni kwenu. Katika nyumba nyingi kipande cha ini huwekwa kwa ajili ya mwenye nyumba, naye mama mzazi hubakiziwa mchuzi. Je, hivyo ndivyo tulivyoahidi mbele ya altare? Mama apewe sehemu yake kwanza, apumzishwe kazi nzito, alale na mtoto ndani ya chandarua. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki asiviache kwa kuona choo kimekuwa cheusi. Hiyo ni kawaida yake. Uchovu wake usiitwe uvivu, wala usidhaniwe kuwa ni uchawi. Viganja vyake na kope kwa ndani vikiwa vyeupe, au akihema kwa shida, apelekwe hospitali bila kukawia.

Haba na haba hujaza kibaba. Uboho hufanya kazi yake usiku na mchana. Nasi tusikose kufanya yetu.