Nani Anabisha Hodi? Kulinda Mlango wa Seva kwa Anwani ya IP



Ndugu msomaji, jumuiya nyingi za wanafunzi Waislamu hazitunzi tena kumbukumbu zao katika daftari la katibu. Orodha ya wanachama, namba za simu, hesabu za michango na majina ya wanaolipiwa ada kutoka mfuko wa zaka huwekwa kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta iliyo mbali inayofikiwa kwa intaneti. Hilo ndilo linaloitwa wingu. Orodha hiyo ikivuja, anayeaibika kwanza ni yule ndugu aliyeomba msaada kwa siri akaahidiwa sitara. Basi tuulize: ni nani anayeweza kufika kwenye mlango wa seva hiyo?

Adabu ya mlango

Katika Sura An-Nur, aya ya 27 na 28, Allah (s.w.t.) anatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Sahl bin Sa'd habari ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (s.a.w.). Mtume akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya macho.

Zingatia sababu hiyo. Anayesoma faili za watu akiwa mbali hajakanyaga kizingiti, lakini jicho lake limeshaingia. Kwa kiasi hicho, adabu ya hodi inafika hadi kwenye seva. Na mwenye kutunza nyumba naye ana wajibu wake: aya ya 58 ya Sura An-Nisa inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Mlango ulioachwa wazi ni amana iliyopuuzwa, hata kama mwizi hajapita bado.

Mlango wenyewe

Msimamizi huingia kwenye seva kwa njia iitwayo SSH. Ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen huko Finland, baada ya manenosiri kuibwa katika mtandao wa chuo chake. SSH hufumba mazungumzo yote ili anayesikiliza njiani asielewe kitu. Kwa kawaida hupokea wageni katika poti namba 22.

Seva ikiachwa wazi kwa dunia nzima, haichukui muda kuanza kubishiwa. Kuna programu zinazozunguka intaneti zikijaribu majina ya kawaida kama "root" na "admin" pamoja na manenosiri mepesi. Hazikujui wala hazikukusudii wewe. Zinatafuta mlango wowote uliolegea.

Kinga ya kwanza ni fayawoli, kichujio kinachotazama anwani ya IP ya anayekuja kabla hajaufikia mlango. Kwenye wingu la Amazon kichujio hiki huitwa "security group". Kanuni yenye 0.0.0.0/0 inaruhusu kila anwani ya IPv4 duniani. Kanuni inayoishia na /32, mfano 203.0.113.25/32, inaruhusu anwani moja tu. Ikiishia na /24, umeruhusu anwani 256.

Utasema: "Mimi natumia ufunguo wa SSH, si nenosiri, yanini kuchuja?" Julai 2024, kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro katika OpenSSH ambayo ingeweza kumruhusu mshambuliaji kuiteka seva bila kuwa na ufunguo wowote. Wote wenye toleo lenye kasoro walitakiwa kurekebisha programu zao. Lakini aliyekuwa amechuja anwani alifanya hivyo akiwa na nafasi, kwa kuwa wageni wa mbali hawakuweza hata kuufikia mlango wake.

Hatua za kufuata

1. Fahamu anwani yako ya nje, ile inayoonekana na dunia, si ile ya ndani ambayo ruta ya hosteli imekupa.
2. Iongeze anwani hiyo kwanza, ndipo uifute kanuni ya wazi. Ukigeuza mpangilio huu utajifungia nje. Kwenye Ubuntu amri ni: sudo ufw allow from 203.0.113.25 to any port 22 proto tcp
3. Dirisha ulilo nalo liache wazi. Fungua la pili ujaribu kuingia.
4. Jaribu tena kwa laini ya simu ambayo haimo kwenye orodha. Ukikataliwa, kichujio kinafanya kazi.
5. Usisahau IPv6. Kanuni ya ::/0 ni mlango wa nyuma uliosahaulika.
6. Zima kuingia kwa nenosiri, na kila msimamizi awe na ufunguo wake mwenyewe.

Anwani si mtu

Hapa ndipo wengi huteleza. Waifai ya chuo inaweza kuwatoa mamia ya wanafunzi nje kwa anwani moja. Ukiiruhusu anwani hiyo, umewaruhusu wote kufika mlangoni. Laini za simu nazo huchanganya wateja wengi katika anwani moja, na anwani hubadilika. Kwa hiyo anwani inatuambia mgeni anatoka upande gani. Ufunguo ndio unaotuambia ni nani. Vyote viwili vinahitajika.

Usiruhusu maelfu ya anwani za mtandao wa simu eti kwa sababu ya kwako inabadilika. Afadhali kuweka VPN, kwa mfano WireGuard, kisha SSH ikubali wanaopitia humo tu.

Ruhusa ina mwisho

Mgeni aliyeruhusiwa jana hubisha tena leo. Lakini orodha nyingi za anwani hukua bila kupunguzwa: katibu aliyehitimu, fundi aliyekuja mara moja, chumba cha hosteli kilichokwisha kuhamwa. Anwani ile ya hosteli kesho huenda akapewa mtu mwingine kabisa, naye atakuta mlango unamsubiri.

Basi kila mstari uandikiwe mambo matatu: ni wa nani, kwa kazi gani, na unakoma lini. Uongozi unapokabidhiana ofisi, makabidhiano yasiishie kwenye muhuri na kitabu cha hesabu. Orodha ya anwani na funguo ipitiwe mbele ya pande zote mbili, na za waliotoka zifutwe siku hiyo hiyo.

Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas habari ya mtu aliyeuliza kuhusu ngamia wake, akaelekezwa amfunge kisha amtegemee Allah. Kufunga ni kazi yetu.

Maswali ya halaka

1. Je, msimamizi wa seva ya jumuiya anaruhusiwa kusoma kila anachoweza kukifikia?
2. Nani katika jumuiya yenu anajua leo ni anwani ngapi zimeruhusiwa?

Allah atujaalie tuwe wenye kuchunga amana. Aamin.