Uzi wa nne: ninavyoliandaa gitaa la misolo

Toa uzi wa nne. Ule mnene wa D, uliozungushiwa waya, ulegeze taratibu, uchomoe, uviringishe na uuhifadhi, maana ipo siku utaurudisha. Mahali pake funga uzi mwembamba wa kwanza, ule wa E, ambao kwenye paketi nyingi huandikwa .010. Ukaze mpaka utoe D. Siyo D ya zamani, bali ile iliyo juu yake kwa oktavu nzima. Gitaa lako sasa ni misolo.

Kufunga uzi ni kazi ya dakika tano. Kulifanya gitaa liimbe sawasawa kulinichukua karibu mwaka, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaandika, kwa sababu kila nikienda kusaidia kwaya, iwe hapa Kasulu au kule Kibondo, naulizwa maswali yaleyale.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Fizi, Kivu Kusini, aliyekuwa akiishi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani kwetu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Alikuja kusikiliza mazoezi yetu. Tulikuwa na magitaa mawili na besi, na tulijiona tumekamilika. Nilipomwamkia na kumwomba atuambie ukweli, alisema, "Mwanangu, ninyi ni wawili, lakini mnapiga gitaa moja."

Alikuwa sahihi. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunashika kordi zilezile, pale pale shingoni, sauti zinagandamizana. Wakongo walikwisha kulitatua jambo hili zamani: gitaa la rizimu linakaa chini, la solo linapaa, na katikati linaingia misolo, linalojaza nafasi bila kumkanyaga mtu. Ukitaka kusikia magitaa mawili yanavyoachiana njia, sikiliza rekodi za African Jazz na African Fiesta, Docteur Nico akiwa kwenye solo na kaka yake Dechaud kwenye rizimu.

Siri iko hapa. Shika kordi ya C. Kwenye gitaa la kawaida, uzi wa nne kwenye freti ya pili unatoa E ya chini. Kwenye misolo unatoa E ileile hasa ya uzi wa kwanza ukiwa wazi. Nyuzi mbili zilizo mbali zinatoa sauti moja. Ukishika A, kidole gumba kikishuka kutoka uzi wa tano kwenda wa nne, wa tatu, wa pili, sauti hazipandi ngazi kwa mpangilio: zinaruka juu, zinarudi chini, zinapanda tena. Mkono unafanya kazi rahisi, sikio linasikia maji yanayobubujika.

Docteur Nico huyohuyo alirekodi pia kwa gitaa la Kihawai, lile linalolazwa na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Gitaa hilo lina mtoto wake Marekani, gitaa lenye pedali za miguu. Yako ya shingo mbili, kila shingo ina nyuzi kumi. Moja hutyuniwa kwa kordi ya E9, nyingine kwa C6. Ukikanyaga pedali, uzi unavutwa: B inakuwa C kali, G kali inakuwa A, wakati nyuzi nyingine zinaendelea kulia. Ninalolipenda zaidi ni kwamba wapigaji wake wengi hawaridhiki na mpango wa kiwandani. Kila mmoja anaamua pedali ipi ivute uzi upi, kulingana na nyimbo anazozipiga. Sisi hatuna pedali, lakini swali letu ni hilohilo. Kabla ya kugusa kigingi, jiulize wimbo unahitaji sauti gani iwe karibu na kidole.

Kwa hiyo, kama kwaya yenu ina gitaa moja tu, usibadilishe. Nasema hivi kwa mkazo. Ukiondoa D ya chini unaacha shimo katikati ya kordi, na bila rizimu na besi shimo hilo litasikika mpaka nje ya kanisa.

Sasa matatizo. La kwanza lilinikuta Kibondo, Jumapili, mbele ya watu. Uzi ulianza kuvuma kama nyuki ndani ya kopo. Sababu ni kile kijipande cha mfupa au plastiki kilicho mwisho wa shingo, nyuzi zinapopita kwenda kwenye vigingi. Mfereji wa uzi wa nne umechongwa kwa uzi mnene. Uzi mwembamba unacheza ndani yake. Siku ile nilikunja kipande cha karatasi nikakipachika chini ya uzi, ibada ikaendelea. Lakini karatasi inameza sauti. Dawa yake ni hii: chukua mfupa mkavu wa ng'ombe, usugue kwa msasa mpaka upate unga kidogo. Jaza unga kwenye mfereji, dondoshea tone moja la supaglu, acha ukauke kabisa. Utakuwa mgumu. Kisha chora mfereji mpya kwa wembe, uulainishe kwa msasa laini uliokunjwa. Chora kidogo, jaribu uzi, chora tena. Ukizidisha kina, uzi utagonga freti ya kwanza na itakubidi uanze upya.

La pili ni daraja. Kama gitaa lako ni la umeme na kila uzi una skrubu yake, piga uzi wa nne ukiugusa tu kwa juu kwenye freti ya kumi na mbili, usikie ile sauti ya kengele. Halafu ubonyeze palepale. Sauti ya kubonyeza ikiwa chini kuliko ya kengele, sogeza kitako cha uzi kuelekea shingoni. Ikiwa juu, kirudishe nyuma. Kwa uzi mwembamba, mara nyingi utakisogeza mbele. Gitaa kavu halina skrubu hizo, kwa hiyo ukipanda sana shingoni utavumilia kasoro kidogo.

Kutyuni ni rahisi kuliko unavyodhani. Bonyeza uzi wa nne freti ya pili: lazima ulingane na wa kwanza ukiwa wazi. Achia wa nne wazi: lazima ulingane na wa pili ukibonyezwa freti ya tatu. Majibu mawili yakikubaliana, umefika. Na tafadhali, usijaribu kuupandisha oktavu uzi ule wa zamani wa D. Mimi nilijaribu. Ulikatika karibu na jicho langu.

Kapo, kile kibanio cha shingoni kinachopandisha nyuzi zote kwa pamoja, ikikosekana dukani, penseli na kipande cha tyubu ya baiskeli vinatosha. Funga penseli juu ya nyuzi, nyuma kidogo ya freti, kaza tyubu nyuma ya shingo. Waimbaji wetu wanapenda kupandisha wimbo ubeti wa mwisho. Kwa kapo naupandisha bila kupoteza nyuzi zangu za wazi.

Mvua zikianza, mwezi wa kumi, mbao hunywa unyevu na shingo huchezacheza. Pitia tena daraja na mfupa kabla ya kulaumu uzi. Na uzi wa .010 ukatike au usikatike, tembea na wa akiba. Wangu nauviringisha kwenye bahasha ndogo, nauweka ndani ya jalada la Tenzi za Rohoni, kwa sababu kitabu hicho sijawahi kukisahau nyumbani.