Hasira ya Ghafla na Hasira ya Miaka Kumi

Wahenga walinena kwamba hasira hasara. Hawakutuambia sheria huipima vipi hasara hiyo. Katika mjadala wa chama chetu, mwenzetu mmoja alisema kuwa aliyepandwa na hasira hajui atendalo, kwa hivyo akiua asihukumiwe. Sote tukapiga makofi. Baadaye nilisoma kuhusu sheria ya Uingereza, kumbe tulipiga makofi mapema mno!

Kwanza tuelewane. Kule Uingereza, mtu mzima akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, jaji hana hiari: ni kifungo cha maisha. Lakini ikikubalika kwamba alipoteza uwezo wa kujizuia, kosa hushuka na kuwa lile tuliitalo kuua bila kukusudia. Jina hilo lapotosha kidogo, maana hata aliyekusudia aweza kulipata. Haachiliwi huru, jaji hupata tu nafasi ya kupima adhabu.

Zamani utetezi huu uliitwa uchokozi. Katika kesi ya Duffy ya mwaka 1949, ilielezwa kwamba mshtakiwa lazima awe alishindwa kujizuia kwa ghafla. Neno hilo "ghafla" ndilo lililoleta taabu. Mwenye nguvu akichokozwa hurusha ngumi papo hapo. Je, mke anayepigwa na mume aliyemzidi nguvu? Yeye hunyamaza. Hasira yake ni chungu kilichofunikwa juu ya makaa. Hakichemki leo, lakini moto upo.

Mfano ni Kiranjit Ahluwalia. Aliteswa na mumewe kwa miaka kumi hivi. Usiku mmoja wa mwaka 1989, baada ya mume kumtisha kwa pasi ya moto, alisubiri hadi akalala, akammwagia petroli na kumwasha. Mume akafa siku chache baadaye. Mama huyo alifungwa maisha. Mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ilisema kukawia peke yake hakuuvunji utetezi wa uchokozi, lakini bado haikumkubalia kwa njia hiyo. Hukumu ilifutwa kwa sababu ya ushahidi mpya kuhusu hali ya akili yake, kesi ikaamriwa isikizwe upya. Mwaka huo huo akaachiliwa, kwa kuwa muda aliokwisha kukaa gerezani ulitosha kwa kosa dogo.

Bunge la Uingereza lilibadilisha sheria mwaka 2009, nayo ikaanza kutumika Oktoba 2010. Sasa si lazima iwe ghafla. Maswali ni matatu. Je, mshtakiwa alipoteza uwezo wa kujizuia? Je, chanzo kilikuwa hofu ya kudhuriwa vibaya, au maneno na matendo mazito mno yaliyompa haki ya kuhisi amedhulumiwa? Je, mtu wa umri na jinsia yake, mwenye uvumilivu wa kawaida, akiwa katika hali ile angeweza kufanya vivyo hivyo? Ushahidi ukitosha kulizusha jambo hili, ni kazi ya upande wa mashtaka kulikanusha.

Aliyepanga kulipiza kisasi hana mlango hapo. Na wivu je? Uzinzi wa mwenzi, peke yake, hauhesabiwi kuwa chanzo. Wavulana wenzangu, hapo mpo?

Sisi Wakenya tulirithi sheria yetu ya adhabu kutoka kwa hao hao Waingereza. Kifungu cha 207 chazungumzia uchokozi wa ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa. Wenyewe wameliacha neno hilo. Sisi tungali nalo. Je, mama anayepigwa kila Jumamosi hapa kwetu, hasira yake tutaipima kwa saa au kwa miaka?

Namjibu mwenzetu hivi: hasira haifuti kosa, kwani aliyekufa naye alikuwa na haki ya kuishi. Lakini mwamuzi asiulize tu ilikuja upesi kiasi gani. Aulize ilitoka wapi.